Kwa Zaituni, Kuhusu Mawimbi Nisiyoyasikia

Mwanangu Zaituni,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi umenipa shikamoo yako nami nimeitikia marahaba, na mpaka muda huu bado wewe ni mkazi wa nyumba hii. Wewe na mama yako mmekwenda Mwandiga kumuaga shangazi yako. Mimi nimebaki hapa Gungu peke yangu, nimekaa barazani, karatasi nimeilaza juu ya ule ubao wa kukatia nyanya kwa sababu meza yote imejaa vitu vyako. Kabla hamjarudi nataka niwe nimemaliza.

Ninaandika kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utanijibu. Ukinijibu nitasikia nusu, na ile nusu nyingine nitaibuni mwenyewe, halafu nitaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwenye karatasi hakuna kujifanya. Na pia, niseme ukweli, kuna maneno ambayo mimi siwezi kuyatamka huku namtazama binti yangu usoni.

Habari za begi, za chakula cha njiani na za nani atakupokea sitazigusa. Mama yako amekuwa akizisema tangu juzi. Hata kwa masikio haya niliyonayo nimeona kabisa mdomo wake haupumziki. Mimi nina jambo langu moja tu, nalo ni hili: ninaogopa, Zaituni. Ninaogopa vibaya sana.

Wazazi wengine wakimpeleka mtoto Dar es Salaam wanaliogopa jiji. Mimi jiji siliogopi hata kidogo, ni hilo jiji ndilo lijiangalie. Ninachokiogopa kiko huku huku. Kesho alfajiri basi lako litaondoka, na baada ya hapo mashine ya boti italetwa kwenye kibanda changu pale Kibirizi, nitaitumbukiza kwenye pipa la maji, nitaiwasha. Wewe hutakuwepo kuniambia inasema nini. Halafu watu watapanda boti hiyo na watoto wao na magunia yao, waende zao Mwamgongo, waende Kagunga, na kina cha ziwa letu unakijua. Nikifika hapo katika kuwaza, kalamu inaacha mstari. Ndiyo maana mwandiko wangu leo ni mbaya kuliko siku zote, na siku zote nao haukuwa mzuri.

Marehemu fundi aliyenilea, Mungu amrehemu, alinifundisha kusikiliza kabla hajaniruhusu kushika spana. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mashine, mpini wake unaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, unafumba macho. Kila kilichomo ndani kinapanda kwa kile chuma mpaka kichwani mwako. Alikuwa akiniuliza, "Nani anaongea?" na mimi nataja: pistoni, beringi, giaboksi. Nilikuwa hodari. Sijisifu, waulize wazee wa Kibirizi. Mtu alikuwa akitoka Ujiji na mashine yake begani, anapita vibanda vingine vyote, anakuja kwangu, ananiambia, "Nisikilizie hii." Hasemi nitengenezee. Anasema nisikilizie.

Na ule uhodari ndio ulioniponza. Nilishinda nimeinamia mashine zilizovuliwa vifuniko, zinanguruma kwa nguvu zake zote sentimita chache kutoka kwenye uso wangu, mwaka baada ya mwaka. Kulikuwa na fundi mwenzetu mmoja aliyetoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Yeye kabla ya kuwasha mashine alikuwa anajaza pamba masikioni. Tulimcheka mpaka mbavu zikatuuma. Mimi ndiye niliyembatiza Bwana Pamba, na jina likamganda mpaka leo. Juzi nimemwona sokoni ananong'onezana na mkewe, wananong'onezana kabisa kama watoto, na anasikia kila kitu.

Hakuna aliyeniambia kwamba sikio halifi kwa mkupuo. Lingekufa kwa mkupuo ningejua. Linaanza kupoteza vile vyembamba vya juu, ndege, kengele ya baiskeli, miisho ya maneno. Vile vinene vinabaki, na kwa kuwa kelele bado unaipata, unajiona mzima. Nilidhani watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Nilidhani redio zinatengenezwa ovyo. Nilidhani mama yako amekuwa mpole.

Mashine ya Nahodha Kasimu unaikumbuka, sina haja ya kukusimulia. Lakini upande wangu ulivyokuwa sijawahi kukuambia. Ulikuwa likizo, umeniletea ugali na migebuka, umesimama pale karibu na pipa unasubiri vyombo. Nimeiwasha, nimeweka bisibisi yangu, nimefumba macho. Nikasikia ngurumo nzito, nzuri, iliyonyooka. Nikamwambia Kasimu, "Safi."

Ukasema, "Baba, hicho kinacholia ni nini?"

"Kinacholia wapi?"

"Hicho kifilimbi. Chembamba. Kinakuja kinapotea, kinakuja kinapotea."

Nikasikiliza tena, na nakuapia nilisikiliza kwa moyo wangu wote. Kifilimbi hakikuwepo. Nikakwambia mbele ya Kasimu, "Wewe soma vitabu vyako, mashine niachie mimi." Kasimu akacheka, akaibeba mashine yake, na kesho yake mama yako akapanda boti hiyo hiyo kwenda kufuata mawese.

Ile beringi ilikatika wakati wanarudi. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, na boti isiyo na mashine haiwezi kuelekeza pua yake kokote, inageuka ubavu na kila wimbi linaingia. Walikuwa wanakomba maji kwa ndoo na sufuria, huku upepo unawasukuma kwenye mawe. Hayo mama yako aliyasimulia baadaye. Sisi wawili tulikuwa tumesimama Kibirizi tangu adhuhuri, na kila boti iliyoingia haikuwa ile. Ulinishika mkono. Sijui kama unakumbuka kwamba ulinishika mkono, kwa sababu wakati huo ulikuwa umekwishaacha kunishika mkono mbele za watu. Nilikuwa nasema moyoni, kifilimbi, kifilimbi, mtoto alisema kuna kifilimbi. Jua lilipoanza kushuka ikatokea boti moja inakwenda polepole mno, na nyuma yake kuna kamba, na mwisho wa kamba kuna Kasimu. Mama yako akashuka amelowa mpaka kichwani, kakumbatia dumu lake la mawese, akauliza kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Fundi wa mashine hii ni nani?"

Watu wote wakanitazama. Wewe ukatazama maji. Hukusema "nilimwambia", si pale wala nyumbani, si siku ile wala siku nyingine. Ungesema ningekasirika, yangekwisha. Kunyamaza kwako ndiko kulikonitia woga, maana nilielewa kwamba umeniona nilivyo na umeamua kunificha.

Baada ya hapo ndipo ulipokuja na mambo yako ya fizikia. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, sina hamu ya kwenda kazini, ukaja na karatasi ya grafu na rula. Ukachora mstari unaopanda na kushuka taratibu, hauna kona popote. Ukasema, "Hili ni wimbi la sine, Baba. Ndilo wimbi jepesi kuliko yote." Chini yake ukachora jingine, fupi, linalopanda na kushuka haraka zaidi. Halafu ukaniambia, "Sasa yajumlishe."

Nikauliza mawimbi yanajumlishwaje, mimi niliyeishia darasa la saba. Ukanipa rula. Kila kijumba cha grafu tukapima: hapa la kwanza liko juu kiasi hiki, la pili nalo liko juu, basi weka pamoja, nukta inakwenda juu zaidi. Hapa la kwanza liko juu lakini la pili liko chini, basi toa, nukta inashuka. Nilitia nukta zangu kwa uangalifu kama ninayehesabu dawa. Tulipoziunganisha kikatokea kitu chenye bega na kibonde, hakifanani na lolote kati ya yale mawili. Ukafuta, ukaanza upya. Safari hii ulichukua wimbi moja, ukaliongezea jingine la kasi mara tatu na kimo cha theluthi, halafu la kasi mara tano na kimo cha moja ya tano, na mimi naweka nukta. Kile kilima kikaanza kusimama kando, juu kikawa bapa. Ukaniambia nikiendelea kuongeza bila kuchoka kitakaribia kuwa boksi kabisa, lenye kuta zilizosimama wima, na limejengwa kwa vitu visivyo na kona hata moja.

Nilifurahi, Zai. Wewe ulidhani nimechoka.

"Kila sauti iko hivyo," ukasema. "Zumari, mashine, mtu. Ukiyajua mawimbi yake, na kila moja lina nguvu kiasi gani, unaweza kuijenga upya."

Ukatoa simu, ukafungua programu yenye vijiti vilivyopangwa, kila kijiti wimbi lake. Ukapandisha cha kwanza. Ikatoka sauti tupu, filimbi isiyo na mpulizaji. Ukapandisha cha pili, sauti ikanenepa. Cha tatu, cha nne, ikaanza kufanana na zumari ya harusi za Ujiji, nikacheka. Ukaendelea. Ulikuwa hutazami simu, unanitazama mimi.

"Sasa?"

"Imebadilika."

"Na sasa?"

"Eeh. Imekuwa kali."

"Na sasa?"

"Nimesikia. Imezidi kuwa kali."

Ukaiweka simu chini taratibu. "Baba," ukasema, "hapo sijaongeza kitu."

Nikainuka nikasema nakwenda kuwaangalia mbuzi. Hatuna mbuzi. Nilisimama nyuma ya nyumba nimeegemea ukuta, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba hakuna mashine hata moja niliyoipitisha miaka ile ya karibuni ambayo ningeweza kuiapia. Zilikuwa ziwani muda ule ule, na watu juu yake.

Wewe hukunicheka. Ulikuja kazini na simu yako, ukarekodi mashine nzima isiyo na ubovu, ukajaribu kuijenga kijiti kwa kijiti. Ulinionesha kwamba mashine nzima mawimbi yake ni ndugu: la pili ni mara mbili ya la kwanza, la tatu mara tatu, wanakwenda pamoja. Beringi inayokufa inaleta wimbi lake lenyewe, dogo, liko juu huko, hesabu zake haziingii kwenye za wenzake. Mimi nilikuwa nimelijua wimbi hilo tangu ujana wangu bila kujua kwamba ni wimbi. Na sasa nilikuwa nimeelezwa lilivyo, vizuri kabisa, na mtu anayelisikia, wakati mimi mwenyewe silisikii tena.

Ukawa masikio yangu. Jumamosi, likizo, ulisimama pembeni ya pipa, na kama kuna kifilimbi uliinua kidole kimoja pajani ili mteja asikuone. Nami nakunja uso, namwambia mteja, "Hii tuifungue." Tulifanya hivyo bila hata kupatana. Nitakuambia kitu kibaya: nilipenda. Nilipenda kuwa nawe pale, nilipenda kuitwa hodari tena. Wenzako walikuwa wanasuka nywele na kutembeleana, wewe unanuka petroli, na mimi nilijiambia mtoto anapenda kazi ya baba yake.

Halafu kuna siku mwaka huu nilikuuliza kitu, ukasema, "Nini, Baba?" Nikarudia. Ukasema tena, "Nini?"

Labda ulikuwa unawaza mambo yako. Labda nilimung'unya maneno mimi. Lakini niliogopa. Umewahi kujiuliza kwa nini kuanzia siku ile nilikuwa nakufukuza pale pembeni ya pipa, nakwambia usikilize ukiwa nyuma ya ukuta? Ulidhani sitaki watu wakuone. Nilikuwa naona masikio yako yanakwenda kule kule yalikokwenda yangu, na ni mimi ninayeyapeleka, ili niitwe fundi.

Ndipo nikaenda kwa wale madaktari wa masikio waliokuja hospitali. Nilikwambia nakwenda kutafuta plagi. Walinikalisha kwenye chumba kidogo, wakanivisha hedifoni, wakanipa kitufe: ukisikia, bonyeza. Sauti ya kwanza ilipokuja nilitaka kucheka, kwa sababu niliifahamu. Ni yale mawimbi yako, mwanangu. Yale yale matupu, moja moja, hayajajumlishwa na kitu. Nikabonyeza. Likaja la juu yake, nikabonyeza. La juu yake, nikabonyeza kwa shida. Halafu kukawa kimya. Nikasubiri na kidole changu tayari. Nikasubiri sana, nikadhani mashine yao imezima, nikamtazama muuguzi kupitia kioo, naye alikuwa bado anabonyeza vitu vyake na kuandika, anabonyeza na kuandika. Hapo nikaelewa kwamba chumba kile kilikuwa kimejaa sauti.

Daktari alinionesha mchoro. Mstari ulikwenda vizuri, halafu ukatumbukia ghafla, kama ziwa letu linavyokatika hatua chache tu ukitoka ufukweni. Alisema sauti zilizokwenda hazirudi. Alisema kuna kifaa kinaweza kunisaidia kidogo, na kwamba nilinde zilizobaki. Nikamwambia asante daktari, nimesikia. Unaona? Hata pale.

Wiki iliyopita mama yako akaja, akaweka mdomo kwenye sikio langu, akanena kwa sauti ambayo nadhani Gungu yote iliipata: "Zai anasema ataahirisha chuo mwaka mmoja akusaidie!"

Nakuandikia ukweli hata kama hautanipendeza. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Kifua kilifunguka kabisa. Nikajiona mimi na wewe pembeni ya pipa mwaka mwingine mzima. Mwaka mmoja, halafu wa pili ungepata sababu yake, na wa tatu. Na ile nafuu ndiyo iliyonitisha kuliko ziwa, kuliko mchoro wa daktari. Nikajua kwamba nikiachwa hivi hivi nitakula maisha yako yote, na nitakuwa nakushukuru huku nakula.

Basi leo asubuhi, mlipokuwa mnafunga begi, nilipanda bodaboda nikaenda Kibirizi. Kasimu alikuwa amekaa ukingoni mwa boti yake na wenzake wawili. Akinamama walikuwa wanageuza dagaa mchangani.

"Mwakeye, fundi," akasema.

"Mwakeye." Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani, nayo yakanikimbia yote. Nikasema tu, "Kasimu, mimi sisikii. Vile vyembamba vya juu. Sivisikii tena."

Mama mmoja aliacha kugeuza dagaa zake. Kasimu akashuka kwenye boti, akaja mpaka mbele yangu, akasimama ili nimwone mdomo. Hapo tu ningepaswa kuelewa.

"Tunajua, fundi."

"Mnajua nini?"

"Ego, ndiyo, tunajua siku nyingi. Wewe mwenyewe umeona mashine inaletwa kwako siku za shule? Tunachungulia kwanza kama binti yupo. Asipokuwepo, tunasubiri."

Zaituni, mimi nilikuwa nalaumu mbalamwezi. Nilikuwa nasema kazi imelala kwa sababu mwezi umekuwa mkali, dagaa hawavuliki, boti haziendi. Nilimweleza mama yako hivyo kwa uhakika kabisa, wiki baada ya wiki, hata mwezi ulipokuwa haupo.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Tungemwambiaje fundi?" Kasimu akasema, akatazama chini. Halafu akauliza, "Na binti anaondoka kesho?"

"Anaondoka."

Wakatazamana. Niliona woga wao na wao wakaona wangu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kamba sikuwa na woga peke yangu. Tumepatana hivi: mikono bado ninayo, nitafungua na kufunga. Kusikiliza watasikiliza wenyewe, nami nitawafundisha. Mashine isiyosikilizwa na watu wawili wazima haitoki kibandani. Tukaanza pale pale. Nikawasha mashine kwenye pipa, nikambana Kasimu bisibisi nyuma ya sikio, nikamwambia afumbe macho. Nikamuuliza, "Nani anaongea?"

Akasikiliza kwa muda mrefu, amekunja sura kama anayekula ndimu. "Kelele," akasema. "Nasikia kelele tu, fundi."

Na huyo ndiye atakayekuwa sikio langu. Sasa unaelewa kwa nini naogopa. Lakini atajifunza, hata mimi nilianza na kelele. Kwa hiyo hutaahirisha kitu. Kesho utapanda basi, na ukishuka huko uende ukasome mawimbi yako mpaka wakuchoke.

Ukiwa huko mtu atakueleza jambo mbele ya darasa zima, halafu atauliza kama mmeelewa, na wote wataitikia. Utaona aibu kuwa wewe peke yako hukupata. Sikupi amri. Nakuambia tu kwamba neno "nimesikia" nililisema mara nyingi ambapo sikusikia, na kila mara lilinitoka kirahisi, na siku niliyosema "safi" badala yake, lilikaribia kumzamisha mama yako.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna jingine, na nimelizunguka karatasi nzima.

Juzi simu yangu iliita. Kioo kimekufa, hakioneshi jina. Nikapokea, nikasikia sauti ya mwanamke, nikasema kwa heshima zote, "Shikamoo, dada." Nilidhani ni shangazi yako. Ulikuwa wewe. Ulikuwa stendi unakata tiketi, unaniuliza, nadhani, siti ya dirishani au ya njiani. Ulicheka sana, ukasema, "Baba kwa utani!" Nami nikacheka.

Haukuwa utani. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba yale mawimbi ya chini yanabeba sauti, lakini yanayomtenga mtu na mtu mengi yako huko juu. Simu inayapunguza, na yanayobaki masikio yangu yanayamalizia. Kinachonifikia ni sauti ya mtu isiyo na mwenyewe. Hapa nyumbani nakuona mdomo, nakuona unavyoinamisha kichwa, najijengea mwenyewe kilichokosekana na nasema huyu ni Zaituni. Kesho uso unaondoka. Itabaki simu. Ninaogopa kwamba nitakuwa na sauti yako mkononi mwangu na sitaijua, mimi niliyekutambua kwa kilio chako siku ya kwanza, pale wodini, kabla hawajanionesha upo kitanda kipi.

Kwa hiyo ukipiga simu, anza kwa kutaja jina lako. Usione vibaya. Na ikitokea siku umelitaja na bado ukanisikia nauliza, "Nani mwenzangu?", tafadhali mwanangu, usikate, na usiombe upewe mama yako. Litaje tena, polepole. Nitakuwa nimeishika simu kwa mikono miwili.

Baba yako